Wana wa Akadi na Orodha Yangu ya Viongozi

Mchungaji Cirhuza, mtumishi wa Mungu. Wazee wa ushirika wa Blacktown na wa Granville. Akina mama na majirani. Nanyi watoto wetu mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza: Bwana asifiwe! Barakoa zisiwazuie kuitikia. Bwana asifiwe tena!

Mimi Peninah shule yangu iliishia kidato cha pili, kwa hiyo msishtuke nikiwapeleka leo Akadi. Hamuijui? Fungueni Mwanzo sura ya kumi, mstari wa kumi. Imetajwa pamoja na Babeli. Miaka yote niliuruka mstari huo nikikimbilia mnara. Aliyenisimamisha hapo ni Mzee Yonan, Mwashuri kutoka Iraki, mwalimu mstaafu wa historia, ninayemhudumia katika nyumba ya wazee kule Lidcombe. Wakati wa lockdown mwaka huu, tulipofungiwa kwa ajili ya korona, wanawe walimpungia mkono dirishani tu, basi mimi nikawa darasa lake zima.

Aliniambia kwamba zamani zile kila mji ulikuwa na ukuta wake na mfalme wake, na jirani alikuwa adui. Akatokea Sargoni. Husimuliwa kwamba mama yake alimweka mtoni katika kisafina cha manyasi, naam, kama Musa wetu. Akaokotwa na mchota maji, akakua, akawa mnyweshaji wa mfalme wa Kishi. Ndugu zangu, mnyweshaji! Mtu wa kushika kikombe, kama sisi tunaowashikia vikombe wazee wa watu. Naye akainuka hadi miji yote ikawa chini yake, na merikebu za mbali zikatia nanga Akadi, mji wake.

Nilifurahi, nikaona ni sisi. Kwani haikuwa hivyo? Ninyi Wakongo mlipofungiwa Granville nasi Wakenya Blacktown, hatukuanza kuomba pamoja kwa simu kila alfajiri? Baba Bisimwa wa Granville alipozikwa na watu kumi tu, si tulimlilia sote kwa lugha moja? Ndipo tukasema: tukifunguliwa, tuwe ushirika mmoja.

Nikapewa kazi ya kuandika orodha ya viongozi. Sasa naungama. Mwenyekiti, mimi. Naibu, Wainaina. Katibu, Nkatha. Mweka hazina, Kipchumba. Wote wa kwetu Blacktown. Wakongo niliwapa kwaya na jiko, nikaona nimewaheshimu! Mama Marie-Jeanne, kiongozi wa akina mama wa Granville, akanipigia: "Mama Peninah, sisi ni batu ba kuimba na kupika tu? Kuongoza ni nyinyi benyewe?" Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Dada, usilete siasa." Akakata simu. Wiki tatu kimya, na Granville wakaanza kutafuta ukumbi wao.

Siku moja nikimlisha Mzee Yonan uji, nikamuuliza, "Sargoni alipokwisha kushinda, akafanyaje?"

"Alibomoa kuta, halafu akawapeleka wana wa Akadi waitawale miji."

"Na wenyeji?"

"Wewe ungefanyaje?"

"Ningeasi."

"Basi waliasi. Alipokufa, mwanawe alirithi vita."

Hapo nikaiona orodha yangu. Nilipotoka kazini nikampigia Marie-Jeanne. "Dada, nimekuwa mwana wa Akadi."

"Umekuwa nini?"

"Mjinga."

"Hiyo nilijua," akasema, na tukacheka mpaka machozi.

Simpunguzii Sargoni sifa. Kuwakusanya waliogawanyika ni jambo kubwa, na kuta zetu zilipaswa kuanguka. Lakini ukuta ukishaanguka, ni nani atakayeketi kitini? Hapo ndipo watu hujua kama wameunganishwa au wametekwa.

Orodha ile nimeichana. Nyadhifa nyingine mtazijaza wenyewe leo, pande zote mbili. Kwa uenyekiti nampendekeza Mama Marie-Jeanne. Simama, dada, wakuone. Ndugu zangu wa Blacktown, najua mmekuja kunipigia kura mimi; kama kweli mnanipenda, mpigieni yeye. Mimi nitakuwa kwenye kwaya, nikifundishwa sauti ya pili.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba mikono juu, tupige kura.