Nusu Dakika ya 'Matumelo

Wasifu wa marehemu 'Matumelo Lekhooa, aliyezaliwa Limpho Ramohapi. 14 Aprili 1963 – 8 Agosti 2024. Unasomwa na mdogo wake, Molefi Ramohapi, Mafeteng, Jumamosi tarehe 17 Agosti 2024.

Baba mchungaji, ndugu, majirani, na ninyi mliosimama na mablanketi yenu kwa sababu viti vimekwisha: asanteni kwa kuja. Msomaji anaomba radhi mapema. Akisoma kama mtu anayesoma orodha ya wapiga kura, si dharau. Tangu alipopigiwa simu Alhamisi ile hajasikia kitu ndani yake, si uchungu, si njaa, wala hii baridi. Atasoma kilichoandikwa.

Marehemu alizaliwa Ha Ramabanta, Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1963, mtoto wa kwanza wa baba yetu, hayati Ntate Tlali Ramohapi, na mama yetu, hayati 'M'e 'Malimpho. Mama yetu alimlaumu hadi uzeeni kwamba alimkosesha ibada ya Pasaka, na yeye alijibu kila mara, “Basi ningekuja Ijumaa Kuu, mngefurahi?”

Alianza shule ya msingi ya misheni hapo hapo kijijini mwaka 1970, akamaliza kidato cha tano hapa Mafeteng mwaka 1982. Ripoti yake ya mwisho ipo nyumbani, kwenye sanduku la karatasi zake. Mwalimu ameandika: “Anasikiliza mno, hasemi.” Baba alitaka kumchapa kwa hilo, akakosa pa kuanzia.

Mwaka 1983 aliajiriwa kwenye studio ya picha karibu na stendi ya mabasi, akipiga picha za pasipoti za wanaume waliokuwa wakienda migodini. Ndipo alipokutana na Ntate Sello Lekhooa, ambaye alifumba macho kwenye picha tatu mfululizo. “Ntate,” alimwambia, “ukifumba tena nakupeleka mgodini ukiwa kipofu.” Ntate Sello alifumba makusudi mara ya nne. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986, na wakwe wakampa jina la 'Matumelo kama desturi yetu ilivyo, yaani mama wa Tumelo, mtoto ambaye bado hajaja. Tumelo alikuja mwaka 1988. Ni huyu binti aliyekaa hapa mbele.

Ntate Sello alirudi nyumbani kabisa mwaka 2003 akiwa na kikohozi, ule ugonjwa wa vumbi ambao wengi hapa mnaujua kwa jina na kwa sauti. Mwaka 2007 marehemu alinunua kamera ndogo ya video iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yake, akamkalisha mumewe jikoni, akamwambia aeleze.

“Nieleze nini?” Ntate Sello aliuliza.

“Siku yako ya kwanza kushuka chini.”

“Nani atataka kusikia hayo?”

“Mimi nataka. Kaa vizuri, unaegemea kama gunia.”

Ntate Sello alifariki mwaka 2009. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza, dakika kumi na tisa. Tangu filamu hiyo marehemu alikwenda kwa wachimbaji wengine na wajane wao, Quthing, Mohale's Hoek, hadi Semonkong, peke yake, miaka kumi na saba. Alizionyesha filamu hizo kwenye shuka jeupe katika ukumbi ule wa kanisa, na wengi wenu mliwaona baba zenu wakizungumza humo baada ya kuwazika.

Hakuwa na vifaa, na hilo lisifichwe. Stendi ya kamera ilikuwa mfuko wa unga uliojazwa maharage. Maikrofoni ilifungwa kwenye mpini wa ufagio. Blanketi la mumewe lilitundikwa ukutani ili chumba kisirudishe mwangwi. Maswali aliyauliza kabla ya kuwasha kamera, maana kadi ilikuwa moja na ilijaa upesi, kwa hiyo katika filamu zote hizo sauti yake haimo. Tumelo amezipitia zote wiki hii. Haimo.

Halafu kiatu. Friji inanguruma, na mngurumo wake unaharibu sauti, kwa hiyo kila alipoingia nyumba ya mtu aliomba kuizima. Nyumba ya kwanza alisahau kuiwasha, nyama ya watu ikaoza. Tangu hapo, akizima friji ya mtu, alivua kiatu cha kushoto na kukiweka ndani yake, pembeni ya maziwa. Hawezi kuondoka na kiatu kimoja, kwa hiyo hawezi kusahau. Mdogo wake alimwambia, “Ausi, dada yangu, watu watasema umechanganyikiwa.” Alijibu, “Waseme, lakini maziwa yao yatakuwa mazima.”

Na mwisho wa kila mahojiano aliomba nusu dakika ya kimya. Mliohojiwa mnakumbuka. Alikuwa anarekodi kimya cha chumba chenyewe, maana alisema kila chumba kina chake, na bila hicho hawezi kuunga maneno ya mtu bila kuacha shimo. Hakuna kusogea, hakuna kukohoa, hakuna kuuliza. Yeye mwenyewe aliinamisha kichwa, macho amefumba, hedifoni masikioni. Alikuwa mkali sana kwa hilo. Mbwa akibweka, mnaanza upya. Nusu dakika ikiisha alisema, “Basi, imetosha. Pumueni.” Alisema pumueni hata kama mtu ni mmoja, kwa heshima. Kisha ndipo alipozima kamera.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa. Jumanne tarehe 30 Julai marehemu alikuwa nyumbani kwa 'M'e 'Makhauta Phafoli, mjane, ng'ambo ya mto. Familia ilijua tu kwamba alianguka huko kwa kiharusi, na kwamba alifika hospitali akiwa na kiatu kimoja. Muuguzi aliuliza cha pili kiko wapi. Hatukujua, na kwa aibu yetu hatukufikiria friji.

Alilala siku tisa bila kusema. Alifariki Alhamisi tarehe 8 Agosti, saa kumi na moja alfajiri. Tumelo alikuwa amemshika mkono.

Jumatatu iliyofuata 'M'e 'Makhauta alikuja nyumbani na mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na kamera na kiatu cha kushoto, kimefutwa vumbi. Hakutaka kuingia. Alisimama mlangoni akasema, “Mwanangu, mimi ndiye niliyemuua mama yako.”

“'M'e, ingia ukae,” Tumelo alimwambia.

“Aliniambia nisisogee.”

Tumelo aliwasha kamera. Kadi ilikuwa na mahojiano yote, 'M'e 'Makhauta anaeleza jinsi mumewe alivyolala ameketi miaka minne kwa sababu ya kukosa pumzi. Halafu kimya kinaanza. 'M'e 'Makhauta ameketi wima, mikono mapajani, anatazama mbele. Nusu dakika inapita. Dakika inapita. Anameza mate, macho yanahama kidogo kuelekea pale marehemu alipokaa, yanarudi. Hasogei. Jogoo anawika nje, na uso wake unaonyesha hofu kwamba itabidi waanze upya. Dakika sita zinapita hivyo mpaka kadi inajaa na picha inakatika.

“Alikuwa ameinama kama anavyoinama siku zote,” 'M'e 'Makhauta alisema. “Waliohojiwa wote walinionya kwamba ni mkali. Nikasema labda leo anachukua kimya kirefu. Nilimwona kabisa, mwanangu. Nilikaa namtazama anakufa kwa sababu sikutaka kumharibia kazi.”

Mdogo wa marehemu alikuwepo. Ni Tumelo aliyempeleka 'M'e 'Makhauta kwenye kiti. Siku ya pili walikwenda wote wawili kwa daktari, naye akawaambia kwamba damu ilikwisha kumwagika kichwani kwa wingi, na dakika sita zisingebadilisha kitu. 'M'e 'Makhauta alimshukuru daktari, na hakumwamini. Hata leo amekaa nje ya hema, kwenye uzio, mnamwona. Amekataa kiti na amekataa chai.

Jana Tumelo alifungua kompyuta ya mama yake akapata faili la vimya. Marehemu alikuwa amevitunza vyote, zaidi ya mia, kila kimoja na jina la mwenye nyumba. Mwishoni mwa kila kimoja, kabla kamera haijazimwa, sauti yake ipo. “Basi, imetosha. Pumueni.” Mdogo wake alisikiliza vyote, akakaa kitako sakafuni, na hapo alilia, mara moja tu. Kimoja pekee hakina neno hilo. Ni kile kilichobaki kwenye kadi ya kamera, cha nyumba ya 'M'e 'Makhauta.

Marehemu ameacha binti yake Tumelo, mjukuu wake Sello aliyerithi jina la babu yake, mdogo wake Molefi na mkewe 'Mapaseka, na baba zenu na waume zenu waliomo kwenye zile filamu. Amevalishwa viatu vyote viwili.

Kabla hatujambeba kuna ombi moja, limetoka kwa Tumelo. Kamera iko pale, juu ya mfuko wa maharage. Zimeni simu. Wapishi, acheni masufuria kidogo. Tutakaa kimya kama alivyotufundisha, hakuna kusogea. 'M'e 'Makhauta, tafadhali ingia, upite hadi hapa mbele kwenye jeneza. Hakuna anayekudai kitu hapa. Ni wewe uliyebaki naye ndani ya kile kimya, na hakuna mwingine anayeweza kukifunga. Utakapoona imetosha, sema wewe lile neno lake, kwa sauti, ili na yeye asikie.

Apumzike sasa. Amelisubiri neno hilo tangu Jumanne ile.