Aimable Rugema, Aliyesoma Habari za Kufa Kwake

1961 – 2023

Ndugu waombolezaji, wasifu huu unasomwa na Ntwari, mdogo wa marehemu. Unasomwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni waliovuka mpaka leo asubuhi kutoka Goma na wale waliosafiri kutoka Bukoba. Dada mkubwa wa marehemu, Bi Libérata, angependa uwe mfupi kuliko ulivyo. Mjane, Kabatesi, ameomba kisipunguzwe kitu, na leo neno lake ndilo lililoshinda.

Marehemu Aimable Rugema alizaliwa tarehe 9 Februari 1961 huko Karagwe, Tanzania, miezi michache baada ya wazazi wake kufika kama wakimbizi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu. Alichelewa sana kusema, mama yake akaanza kuhangaika, hadi ikaonekana kwamba mtoto hana kasoro yoyote, alikuwa anasikiliza tu. Tabia hiyo hakuiacha maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Karagwe kuanzia mwaka 1969, akaenda sekondari Bukoba, kisha akasomea ufundi wa simu Dar es Salaam na kuhitimu mwaka 1983. Hakuwa wa kwanza darasani. Hata hivyo walimu walimwogopa kidogo, maana alikumbuka kila ahadi waliyowahi kutoa na aliikumbusha mbele ya wenzake.

Alianza kazi Bukoba mwaka huohuo. Mwaka 1996 alirudi Rwanda na familia yake, akaajiriwa Gisenyi, na kwa miaka ishirini alipanda nguzo za simu kuanzia Rubona hadi Nyundo, mpaka alipostaafu mwaka 2016. Alijenga hapa Rugerero.

Ndoa yake nayo ilitokana na masikio. Mwaka 1988 alikuwa juu ya nguzo mjini Bukoba, kifaa cha kupimia laini kikiwa sikioni, akamsikia karani wa chama cha ushirika cha kahawa akimwambia rafiki yake kwamba yule fundi wa simu ana miguu ya korongo, na hata akipewa bure hamtaki. Karani huyo alikuwa Kabatesi. Rugema alishuka, akaenda kumsalimia kwa adabu zote, akarudi tena na tena, bila kugusia alichosikia. Walifunga ndoa tarehe 22 Julai 1989. Kwenye hotuba ya harusi, mbele ya wakwe, ndipo alipoyatoa maneno yale yote, korongo na wenzake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kabatesi alicheka pia, lakini husema kwamba siku hiyo ndipo alipojua ameolewa na mtu asiyesahau.

Alipostaafu alifufua kompyuta kuukuu na kuweka ndani yake ubao wa matangazo wa kizamani, wa aina iliyotumika kabla intaneti haijaenea. Aliuita Baraza la Kivu. Kioo cheusi, maandishi ya kijani, picha hakuna. Mtu aliandika ujumbe, nao ukakaa kwenye mashine ukisubiri. Saa moja jioni mashine ya Rugerero iliita mashine ya Jack, fundi redio wa Goma, zikapeana barua. Ya Jack nayo iliita ya Niyigena kule Bukoba, na hivyo hivyo mpaka kwa marafiki wengine. Zamani mashine za aina hiyo zilipigiana kwa simu za waya. Siku hizi zilipitia intaneti, lakini kwa saa zilezile na kwa mwendo uleule wa kujivuta. Watoto wake, wenye WhatsApp, walimcheka. Yeye alijibu kwamba wao huandikiana kutwa nzima na hakuna anayekumbuka alichoandika.

Ubao huo ulikuwa na sehemu mbili. Barazani, kila ujumbe ulinakiliwa kwenye mashine zote na kusomwa na wote. Barua binafsi zilikuwa na sanduku lake. Ujumbe ukishachukuliwa na mashine ya jirani, haukurudishwa tena. Mpaka wa Goma ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya korona na watu wakafungiwa majumbani, alimfundisha mkewe kuutumia, na jirani walikuwa wakiwasikia wawili hao wakicheka mbele ya kioo kile. Hiyo ilikuwa miezi mizuri ya ndoa yao, na inastahili kutajwa.

Mwezi Mei 2023 alianza kukonda. Tarehe 2 Juni madaktari wa Kigali waliieleza familia kwamba ni saratani ya ini na imeshachelewa. Kama tulivyozoea, mgonjwa hakuambiwa. Bi Libérata aliamua palepale kwenye korido: "Ukimwambia mtu anakufa, wewe ndiye umemuua. Mwambieni ni vidonda vya tumbo." Kabatesi alikuwa hajawahi kumdanganya mumewe hata bei ya sukari. Alikubali kwa sababu alitaka kitu kimoja tu, kwamba Rugema afe bila hofu.

Rugema akiwa bado amelazwa, Kabatesi alikaa mbele ya mashine amwombe Jack msaada. Kwa simu hakutaka, maana nyumba ilijaa watu na masikio. Aliandika kwamba Rugema ana saratani ya ini na amebakiza miezi minne, kwamba hajui, na kwamba Jack amwandikie maneno ya kumchangamsha. Juu, penye nafasi ya mpokeaji, aliweka jina la Jack, akaamini jina linatosha. Kumbe alikuwa barazani, na barazani hata ujumbe wenye jina la mtu mmoja husomwa na wote. Jioni mashine ikaupeleka Goma, na kesho yake ukafika Bukoba.

Rugema aliporudi nyumbani, jambo la kwanza lilikuwa kuwasha mashine yake. Alikuta ujumbe wa mkewe, na chini yake rambirambi. Niyigena alikuwa ameandika: "Pole sana Kabatesi. Ini halina huruma. Alikuwa mtu mwema." Mtu mwema mwenyewe alikuwa amekaa pale na kikombe cha uji mkononi.

Angeweza kumwita mkewe wakalia pamoja. Akauchuna. Aliufuta ujumbe ule na majibu yake kwenye mashine yake, kisha akawaandikia marafiki wote, kila mmoja kwa sanduku lake, kwamba Kabatesi asijue kitu. Jack, aliyekesha nasi kwenye matanga, ameeleza hivi: "Nilimuandikia, vieux, mzee yangu, ile unafanyia bibi yako iko mubaya. Akanijibu, wacha nione atanidanganya mpaka wapi. Bon, mi ningefanya nini? Ni yeye mugonjwa."

Kuanzia hapo, kila Jumapili wageni walipotoka kanisani na kuja kumwona, alimsimamisha mkewe mbele yao.

"Mama Rugwiro, waeleze wageni daktari alisemaje."

"Ni vidonda vya tumbo."

"Vitapona lini?"

"Kabla ya Krismasi."

"Mmesikia," alisema Rugema, na akamkazia macho mpaka mama wa watu akaangalia chini.

Mwezi Agosti alimwita fundi cherehani, Bizimana, ampime suti ya harusi ya binti yake Mutoni, itakayofanyika Julai mwakani. Alitaka Kabatesi ndiye ashike futi. "Acha nafasi kiunoni," alimwambia fundi. "Nitanenepa. Si ndivyo, mama Rugwiro?" Kabatesi alisema ndivyo. Suti hiyo ndiyo aliyovaa leo, na Bizimana amelazimika kuibana kwa pini mgongoni.

Tulimpenda marehemu, na huo ulikuwa ukatili. Kabatesi alikonda sambamba naye. Septemba alitaka kusema ukweli, lakini Bi Libérata akamkataza: "Imebaki kidogo tu, vumilia."

Ijumaa tarehe 13 Oktoba, baada ya chakula cha mchana, Kabatesi alikuwa akimkanda miguu. Rugema alisema, kwa sauti yake ya kawaida, "Ujumbe wako kwa Jack niliusoma. Tangu Juni."

Kabatesi hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikaa chini sakafuni. "Ulijua, ukaniacha niseme mbele za watu?"

"Ulikuwa unasema vizuri."

"Nilitaka usiogope."

"Niliogopa peke yangu," alisema Rugema.

Kabatesi alimwomba msamaha. Akamwomba tena. Rugema alifumba macho, akasema amechoka, atamjibu kesho.

Jumamosi tarehe 14 Oktoba 2023, asubuhi, marehemu aliomba chai. Kabatesi alitoka kufuata maziwa kwa jirani, na aliporudi alimkuta amekata roho. Bi Libérata alitaka iandikwe hapa kwamba alisamehe kabla ya kufa, kwa heshima ya familia. Kabatesi amekataa. Alisema, "Nimedanganya miezi minne kwa ajili yake. Kaburini kwake sidanganyi."

Marehemu ameacha dada yake, Libérata, mdogo wake, Ntwari, watoto watatu, Rugwiro, Mutoni na Gwiza, wajukuu wanne, marafiki wa Baraza la Kivu, na mjane, Kabatesi, aliyemwomba neno moja na hakulipata.

Rugema apumzike kwa amani. Na Kabatesi naye aipate, akiwa hai.