Mama Viti, Aliyeikalisha Foleni

Marehemu mama yetu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Juni 1954, akiwa mtoto wa nne na binti wa kwanza katika nyumba ya fundi viatu. Mkunga aliyempokea alikuwa akisimulia mpaka uzeeni kwamba mtoto huyu alikuja duniani ametanguliza makalio. Familia imeona jambo hilo lisemwe mapema, kwa sababu linaeleza mengi yanayofuata. Wenzake walikuja kichwa kwanza, wakihangaika na dunia. Yeye alikuja kukaa.

Jina lake la cheti mmeliona kwenye jalada. Humu ndani tutamwita Mama Viti, alivyoitwa na mtaa, maana tukisoma lile jingine nusu yenu mtageukiana kuulizana anazikwa nani.

Alisoma shule ya msingi ya hapa hapa mtaani, ile yenye kengele ya rimu ya gari, kuanzia mwaka 1962 hadi 1968. Alikuwa na akili nyepesi na kicheko chepesi zaidi. Mwalimu wa hesabu alimsimamisha pembeni ya ubao mara nyingi mno kwa kosa la kucheka, mpaka wanafunzi wapya wakadhani pale ndipo anapokaa. Familia inaamini ugomvi wake na kusimama ulianzia kwenye kona ile. Aliingia sekondari, akaiacha mwaka 1970 akiwa kidato cha pili, macho ya baba yake yalipoanza kufifia na nyumba ikahitaji mtu wa kuona sindano. Hakuwahi kulalamika kwamba aliiacha, na hakuwahi kusingizia kwamba alimaliza. Alipoulizwa elimu yake alijibu, "Nimesoma hadi walipoacha kunifundisha."

Mwaka 1973 aliajiriwa kuwa mhudumu katika ofisi ya halmashauri, kupeleka mafaili na chai. Wananchi walihudumiwa kupitia dirisha moja, wakisubiri kwenye korido yenye benchi moja, na benchi hilo lilikuwa la walinzi. Siku moja ya mwaka 1981 alimwona mama mja mzito akiegemea ukuta, mate yamemkauka. Bosi alikuwa ametoka. Mama Viti akakisukuma kiti cha bosi, kile cha magurudumu, mpaka koridoni. Bosi akarudi kabla hajakirudisha.

"Nani kakalia kiti changu?"

"Wawili, bosi," alijibu marehemu. "Mmoja bado hajazaliwa, kwa hiyo hakijachakaa sana."

Alihamishiwa stoo. Stoo haikuwa na kiti wala dirisha. Mwezi uliofuata aliaga, akaenda nyumbani kufikiria maisha.

Nyumbani kulikuwa na mume. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 22 Oktoba 1977, na mume ni huyu mzee wa mstari wa mbele mwenye kofia, fundi wa kuchomelea mageti. Walikutana marehemu alipopeleka stuli ya ofisi iliyovunjika mguu. Fundi akaichomelea, ikavunjika. Akairudisha, ikachomelewa, ikavunjika tena. Mzee mpaka leo anadai chuma kilikuwa kibovu. Marehemu alisimulia vingine: "Mageti yake ya benki hayavunjiki, ila stuli yangu inavunjika kila Jumatatu. Nikaona bora nimwoe, niokoe mali ya serikali." Mungu aliwajalia watoto watatu, na hakuna stuli iliyovunjika tena.

Biashara iliyompa jina ilianza bila kukusudiwa. Mwaka 1983 jirani alifiwa, akaja kuazima viti. Mama Viti akatoa vyote sita vya mezani kwake. Msiba ulipokwisha, mwingine akaja kuviomba kwa ajili ya harusi, tena akataka kulipia. Kwa muda mrefu mzee wetu alikula amesimama, akihakikishiwa kwamba kusimama kunashusha chakula. Viti sita vikawa ishirini, vikawa stoo nzima. Mwisho akanunua vya plastiki, vyekundu, kwa sababu maharusi wanapenda picha zao ziwake.

Wengi wenu mmekuja hapa kwa ajili ya jambo moja, nasi hatutawachelewesha.

Mwaka 2009 afisa wa uchaguzi aliitisha mkutano pale shuleni. Akasema kituo chetu cha kupigia kura ni hasara: makarani wanakuja, wasimamizi wanakuja, kura haziji. Wananchi wa mtaa huu hawana mwamko. Uchaguzi huu wa madiwani ukiwa kama ule uliopita, kituo kitafungwa, na sote tutapigia kura ukumbini, ng'ambo ya barabara kuu, ghorofa ya tatu.

Watu walitazamana. Barabara ile magari hayasimamishwi hata na polisi, na ghorofa ya tatu haina lifti. Kwa bibi mwenye mkongojo, kuambiwa akapige kura kule ni sawa na kuambiwa asipige.

Mama Viti akanyoosha mkono. "Baba, umewahi kupanga foleni hapa kwetu?"

"Mimi napiga kura kwangu, mama."

"Kwako kuna kivuli?"

"Kipo."

"Basi huo ndio mwamko," akasema, akakaa. Mkutano ulicheka, lakini yeye hakucheka, na waliomjua waliona hapo kuna jambo.

Alikuwa ameiona foleni ile miaka mingi. Uwanja wa shule hauna mti. Watu walifika asubuhi, wakasimama juani. Ikifika saa tano wazee wanaanza kuondoka mmoja mmoja, kisha wenye mimba, kisha wenye watoto mgongoni, huku wakisema watarudi jioni. Jioni hawakurudi. "Hawa hawajakosa mwamko," alimwambia mumewe. "Wamekosa magoti."

Siku ya kura alfajiri mikokoteni ilileta viti vyake vyote uwanjani, vikapangwa kumi kumi kila mstari, na juu yake akafunga maturubai mawili aliyokuwa nayo. Utaratibu aliubuni mwenyewe. Ukimwambia mzee ahame kiti kimoja kimoja, unamsimamisha mara nyingi kuliko foleni yenyewe. Kwa hiyo mtu akishakaa, ametulia. Mstari wa mbele unaingia wote, na kila mmoja akitoka kupiga kura anabeba kiti chake kukipeleka nyuma kabisa, kwa anayefika. Watu wanasonga mbele, viti vinarudi nyuma. Kwa saa mbili mambo yalikwenda kama saa ya ukutani.

Ndipo wakala wa chama kimoja alipokuja kumvuta msimamizi wa kituo mkono. Chama cha wapinzani wake bendera yake ni nyekundu. Na uwanja mzima, kutoka geti mpaka mlango wa darasa, ulikuwa mwekundu.

Mama Viti alikuwa amekodisha viti vile miaka yote, amevihesabia harusi na misiba, na haikumpitia akilini hata mara moja. Wala mtaa mzima haukuona. Kwetu ile ilikuwa rangi ya harusi tu.

"Mama," msimamizi akamwambia, "viti hivi vina chama."

"Vina miguu minne, baba. Chama sijakiona."

"Sheria inakataza rangi za kampeni kituoni. Vitoke."

"Na waliovikalia?"

"Wasimame."

Wakasimama. Vyekundu vikatolewa nje ya geti, na jua, ambalo halina chama, likawashukia wote. Dereva mstaafu wa nyumba ya kona akamwita Mama Viti pembeni. "Shemeji, mimi roho inataka, ila magoti yananiita nyumbani."

"Yaambie yasubiri kidogo," alimjibu. "Na wewe kaa kwenye ngazi. Ukiondoka wewe, wataondoka wote, na uchaguzi ujao tutaonana ghorofa ya tatu."

Palikuwa na mtu mmoja tu mtaani mwenye dawa, naye walikuwa hawasalimiani. Bwana Turubai, mshindani wake wa kazi, alikuwa na stoo ya vitambaa vyeupe vya kuvalisha viti vya harusi, vyenye mkanda nyuma. Waligombania harusi moja miaka sita nyuma, na tangu hapo kila mmoja alipita upande wake wa njia. Bwana Turubai yupo hapa leo, ametupa ruhusa tusimulie.

Mama Viti alimkuta mlangoni anakunywa chai.

"Kaka, nina shida."

"Kumbe mdomo wako bado unajua kuniita kaka."

"Tutagombana kesho, nitakuja mapema. Leo nipe magauni ya viti."

"Ya kazi gani?"

Akamweleza. Bwana Turubai akapuliza chai yake. "Mimi kura sijawahi kupiga. Wanasiasa wote ni wale wale."

"Sawa. Mtaro ulio nyuma ya stoo yako ukoje?"

Bwana Turubai akashusha kikombe. Mtaro ule ulimfurikia kila mvua, ukimlowanisha maturubai.

"Kituo kikihamia ng'ambo," akasema Mama Viti, "ni mgombea gani atakumbuka kuvuka barabara kuja kuomba kura huku? Nani atauona mtaro wako? Utanuka mpaka wajukuu zako waote mvi."

Bwana Turubai akamwaga chai iliyobaki, akaenda kutafuta ufunguo.

Waliosalia kwenye foleni walivivalisha viti wenyewe, wazee kwa vijana, na yule wakala aliyeshtaki akajikuta ameshikishwa mkanda, anafunga mafundo na kukosolewa na akina mama. Uwanja ukawa mweupe. Msimamizi akapita mstari kwa mstari. Kwenye kiti kimoja akainama, akainua gauni ili ahakikishe.

"Baba," Mama Viti akamwambia taratibu, "hapo si pa kuchungulia mbele za watu."

Msimamizi alishindwa kujizuia, akacheka, akaachia kitambaa. "Wakae."

Habari ilienda mbio kuliko gari la matangazo. Walioondoka wakarudi, wengine wakaja tu kuona harusi. "Bwana harusi yuko wapi?" wakauliza. "Yumo sandukuni," wakajibiwa, "tutamfunua jioni." Muda wa kufunga ulipofika, waliokuwa kwenye viti walikuwa wamo foleni kihalali, na wote walipiga. Dereva mstaafu alipiga. Bibi mwenye mkongojo alipiga, akakataa kubebewa kiti chake, akakiburuta mpaka nyuma. Bwana Turubai alipiga kwa mara ya kwanza maishani, na jioni alionekana akimwonyesha kila mtu kidole chenye wino kana kwamba amejikata.

Kura zilizidi maradufu za uchaguzi uliotangulia. Kituo hakikuhama, na hakijahama mpaka leo. Uchaguzi uliofuata wagombea wote walivuka barabara kuja kutuona, wakiwa na viatu visivyofaa, na mmoja wao akatumbukia mtaroni. Mtaro ulifunikwa mwaka huo huo.

Baada ya hapo mitaa mingine ilimwita akawaonyeshe utaratibu wake, naye alikwenda, akivaa miwani ambayo hakuihitaji. Vyama viwili kwa nyakati tofauti vilimwomba awakodishie viti wao peke yao. Akawajibu kwamba viti vyake vimezoea makalio ya vyama vyote na haoni namna ya kuvibagua. Vyekundu alivibakiza kwa ajili ya maharusi. Akanunua vyeupe vya kura. Na Bwana Turubai walirudi kugombana, kama walivyokubaliana, ila kwa kusalimiana kwanza.

Mwaka 2022 figo zake zilianza kusumbua. Miguu ilivimba, na yeye aliyekalisha watu maisha yote akalazimika kukaa, jambo alilolichukulia kama dharau. Alilazwa mwezi Novemba mwaka jana. Wiki ya kwanza tu aliuliza kwa nini jamaa za wagonjwa wanasubiri wamesimama, na kabla ya mwisho wa mwezi mzee wetu alikuwa amechomelea mabenchi mawili ya wodi, ambayo hayajavunjika.

Alipojua kwamba hatatoka, na kwamba diwani wetu amejiuzulu na uchaguzi mdogo umepangwa Jumamosi, tarehe 17 Februari, alituita watoto wake pale kitandani.

"Nikifa wiki hiyo, msinizike Jumamosi."

"Mama, tusiyaongee hayo," akasema kitinda mimba wake.

"Tuyaongee lini, nikishakufa? Najua mjomba wenu atasema Jumamosi, ili wa mbali wafike. Mkataeni. Viti haviwezi kuwa makaburini na shuleni kwa wakati mmoja, na mimi sina haraka kama wale wazee."

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, alasiri, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa. Mjomba alisema Jumamosi. Tulimkatalia, kwa heshima zote. Ndiyo maana leo ni Alhamisi, na baadhi yenu mmeomba ruhusa kazini kwa visingizio ambavyo familia haitauliza.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, yaani mwalimu, dereva wa lori na muuguzi, wajukuu saba, kaka zake wawili, mmoja wao yule mjomba ambaye bado amenuna, mshindani mmoja aliyegharimia maturubai yaliyo juu ya vichwa vyetu, na mtaa wenye kituo chake cha kupigia kura.

Viti mlivyokalia ni vile vyeupe. Keshokutwa asubuhi vinahitajika uwanjani pa shule. Lori liko getini. Tukishamaliza, kila mmoja akinyanyuka abebe kiti chake akipeleke, kama alivyotufundisha.

Nawe Mama Viti, umewakalisha wengi. Sasa ni zamu yako. Kaa, mama, utulie kwa amani.