Norbert Szymczak, Mtetezi wa Mtu wa Katikati, 1944–2018

Inatangazwa kwa jiji la Toledo, kwa jimbo zima la Ohio na kwa kila mwenye televisheni popote alipo, kwamba mtetezi mkuu wa wachezaji wanene duniani, Bwana Norbert Kazimierz Szymczak, ametutoka. Bendera zishushwe. Viwanja vinyamaze. Wale wembamba wenye mbio wasimame kidogo, kama wanajua kusimama.

Tumekuja kumzika kwa huzuni, na tumekuja na hasira pia, na familia imekubaliana kwamba hasira isiachwe nje kwenye magari. Shada lile kubwa lenye utepe wa buluu limetumwa na timu yetu ya mpira wa Kimarekani, Wapuliza Vioo wa Toledo, jina linaloifaa timu inayovunjika kila Novemba. Mtaona limewekwa pembeni kabisa, karibu na mlango wa choo. Ni sisi tuliolipeleka huko. Kila mwaka, timu za ligi zinapoteua wachezaji wapya kwa zamu, timu hiyo imependa watu wa pembeni, basi na maua yake yakae pembeni.

Marehemu alizaliwa tarehe 19 Machi 1944 nyumbani kwao, mtaa wa Lagrange, mtoto wa kwanza wa Walter Szymczak, fundi wa kiwanda cha vioo, na mkewe Stella. Alikuwa na uzito wa kilo tano na ushee. Mkunga alimgeuza mara mbili, akamwuliza Stella, "Mama, una hakika huyu ni mmoja?" Mdogo wake, Ray, alizaliwa miaka mitatu baadaye, mwembamba kama tambi, na ugomvi wa nyumba ile ukaanzia hapo.

Alisoma shule ya parokia ya Mtakatifu Florian, kisha sekondari. Huko kocha alimtazama mara moja tu akamweka katikati ya safu ya mbele ya ulinzi, mahali ambapo mtu anagongwa na wapinzani wawili kila mpira unapoanza, ili wenzake walio nyuma yake wapate nafasi ya kukimbia na kusifiwa. Ray alipofikia umri huo akawa beki wa pembeni. Siku za mechi Ray alirudi nyumbani na sare safi, Norbert na tope masikioni, na gazeti la Jumamosi lilimwandika Ray. Mwaka 1967 marehemu alihitimu ualimu wa jiografia katika chuo kikuu cha Bowling Green, akafundisha miaka kumi na mmoja mito na milima, na baada ya vipindi akawafundisha wavulana wazito jinsi ya kuweka miguu.

Tarehe 12 Juni 1971 alimwoa Dolores Gwozdz katika kanisa hili hili. Hapa hatuna budi kukaa kidogo, maana ndipo alipopata imani yake. Mnaijua desturi yetu: ngoma ya bibi harusi ikiisha, wageni wanamzunguka wakiwa wameshikana mikono, na bwana harusi lazima auvunje ukuta huo amfikie mkewe. Kwa kawaida wageni wanajilegeza. Jadwiga, shangazi yake Dolores, mpishi mkuu wa ukumbi wa parokia, hakujilegeza. Marehemu alijaribu kulia, shangazi akasogea hatua moja, njia ikafungwa. Akajaribu kushoto, vivyo hivyo. Akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akaja katikati kwa mbio. Waliokuwapo wanasema ulisikika mlio kama wa mlango wa ghala, kisha bwana harusi akaonekana ameketi juu ya sinia la nyama ya nguruwe.

"Shangazi, huyo ni mume wangu!" Dolores alipiga kelele, machozi ya kicheko yakimtoka. "Mpishe basi!"

"Apite kwingine," alisema Jadwiga. "Mimi nimesimama."

Bibi harusi ilibidi atoke mwenyewe. Marehemu alikuwa akisema kwamba pale chini, haradali ikimtiririka mgongoni, aliuona mchezo mzima kwa mara ya kwanza: wanaocheza pembeni wanafanya kazi, lakini wa katikati ndiye anayeamua kazi hiyo iwe wapi. Ndoa hiyo ilidumu miaka arobaini na sita, ikajaliwa watoto wawili, Christine na Gerard.

Mwaka 1978 timu ya Toledo ilimwajiri kuwa skauti, yaani mtafuta vipaji, wa wachezaji wa ulinzi. Alizunguka vyuoni, akila viazi vya kukaanga ndani ya gari na kutazama vijana wakigongana mvuani, akirudi na imani ile ile, ambayo sote tuliikariri kama rozari. Wa kwanza kuchaguliwa ni mtu wa katikati. Wa pili, mvamizi wa pembeni anayemkimbilia mrushaji mpira wa wapinzani. Wa tatu, beki wa pembeni. Beki wa nyuma kabisa anafuata, kama yupo anayefaa. Wale wa safu ya pili wanaokota kilichoangushwa na mtu wa katikati, kwa hiyo unawapata hata raundi ya tano, kila timu ikiwa imekwisha kuchukua wanne walio bora.

Ray hakukubali, na chakula cha Jumapili hakikupita bila vita.

"Unawapenda wanene kwa sababu na wewe ni mnene," Ray alikuwa akisema, uma mkononi.

"Mimi si mnene. Mimi ni wa katikati."

"Siku hizi watu wanarusha, kaka! Mpira unapita juu ya kichwa cha mnene wako, na yeye anautazama kama anatazama bata bukini."

"Anautazama umepotea njia. Unajua kwa nini umepotea? Kwa sababu mrushaji amekanyagwa vidole na walinzi wake mwenyewe. Na nani kawarudisha hao walinzi mpaka wakamkanyaga?"

"Akija mkimbiaji wa kweli, beki wangu anamfuta uwanjani."

"Sawa, amfute. Wao watapita katikati, matembezi tu, kama wanakwenda kununua mkate. Wana haja gani ya kurusha?"

"Dolores," Ray alikuwa akimalizia, "mpe mumeo kiazi kingine, labda kitamziba."

Mwaka 1991 ndio mwaka ambao familia hii haitausamehe. Marehemu alisimama mbele ya wakubwa wa timu akawaomba wamchukue Odell Crutchley, kijana wa Mississippi mwenye kilo mia na hamsini na tano, ambaye hata basi la timu liliinama akipanda. Wakubwa wakacheka. Mmoja akauliza kama huyo ni mchezaji au ni jokofu. Wakachukua beki wa pembeni mwenye mbio, na kweli beki yule alikuwa na mbio, alizikimbia vizuri misimu minne huku wapinzani wakipita katikati kama alivyosema marehemu, matembezi tu. Crutchley alisimama katikati ya timu nyingine miaka kumi na miwili, akastaafu na pete mbili za ubingwa. Yule mkubwa aliyetaja jokofu alistaafu akajengewa sanamu uwanjani. Tunaomba asiyejua kukasirika ajifunze hapo.

Mwaka 2006 akaja meneja mkuu mpya, Bwana Grant Hollister, aliye nasi leo, safu ya nne, tai ya kijivu. Bwana Hollister ana hoja yake na si haki kuificha. Anasema mtu wa katikati anacheza nusu tu ya mechi, kwa kuwa wapinzani wakilazimika kurusha kwenye jaribio la tatu la kusogeza mpira, mnene anatolewa nje anaingia mwepesi. Marehemu alimjibu mbele ya kikao kizima: "Anatolewa kwenye jaribio la tatu kwa sababu majaribio mawili ya kwanza amekwisha kuyala." Hoja hiyo haijajibiwa mpaka leo. Badala ya kuijibu, mwaka 2009 walimstaafisha, wakamfanyia sherehe fupi yenye keki iliyoandikwa "Asante kwa yote." Yote yapi, kama hawakulisikiliza hata moja?

Ugonjwa wa moyo ulimlaza Novemba 2017. Februari daktari alisema majira ya joto hatayaona. Marehemu hakuomba safari wala ndugu wa mbali. Alisema anataka kuona jambo moja kabla ya kufa: Toledo itumie nafasi yake ya kwanza ya uteuzi kumchukua mtu wa katikati. Na kwa kuwa timu zilizoshindwa zaidi ndizo hutangulia kuchagua, na yetu ilikuwa imeshinda mechi tatu tu kati ya kumi na sita, ilikuwa na nafasi ya tatu katika ligi nzima. Nafasi kama hiyo haiji kila mwaka, ingawa Toledo inajitahidi.

Dolores alimpigia simu Bwana Hollister, naye akaja na kapu la matunda. Akakaa ukingoni mwa kiti.

"Norbi, mzee wangu," alisema, "mchezo umebadilika. Nafasi ya tatu ni ya mvamizi wa pembeni au beki. Nikimchukua mnene, nitachekwa nchi nzima."

"Umechekwa nchi nzima tangu Septemba," alisema Dolores. "Umeshinda mechi tatu, baba! Tatu! Na moja wapinzani walikuwa wanaharisha!"

"Mama Dolores, ni takwimu..."

"Usiniambie mimi habari za takwimu. Mimi nimemzalia huyu mtu watoto, nimemfulia soksi, nimemsikiliza miaka arobaini na sita. Chukua kapu lako."

Alilichukua kweli.

Hapo ndipo Ray, beki wa pembeni tangu kuzaliwa, alipobadili dini. Hakuwahi kukiri kwamba kaka yake yuko sahihi, na hata leo hakiri. Alisema tu, "Ni kaka yangu, na wale ni wapumbavu." Kila asubuhi akapiga simu redio, kipindi cha michezo, kuwasomea timu majina ya wapinzani wote waliopita katikati tangu 1991. Marehemu, akimsikia kutoka kitandani, alimwita mara moja, "Ray, njoo. Hawa vijana wa mwaka huu, nataka nikwambie..." Ray akampangusa paji la uso. "Pumzika, kaka. Usijichoshe. Hilo tuachie sisi."

Ijumaa za Kwaresima Bwana Hollister ana kawaida ya kuja kwenye samaki wa kukaanga wa ukumbi wetu, apigwe picha akila na watu. Mwaka huu alifika na sinia lake, na wanawake wa jikoni, waliolelewa na Jadwiga mwenyewe, wakampa kabichi.

"Samaki wameisha?" aliuliza, na nyuma ya kaunta samaki walikuwa wamerundikana mpaka kifuani.

"Wako pembeni kule," alijibiwa. "Si unapenda pembeni? Wafuate."

Alikula kabichi Ijumaa tatu. Ya nne hakuja. Mabango yakawekwa mtaa mzima wa Lagrange, KATIKATI KWANZA, hata kwenye dirisha la mwuza majeneza. Padre Ignatius aliliingiza jambo hilo katika maombi ya waumini bila kutaja jina la timu, ila alisema "wale wenye mamlaka na mioyo migumu," na kanisa zima likaitikia kwa nguvu ambayo hatujaisikia tangu vita.

Marehemu alifariki Jumamosi tarehe 28 Aprili 2018, saa tatu asubuhi, nyumbani, mkewe amemshika mkono. Ameacha mjane, Dolores. Watoto Christine na Gerard. Wajukuu watano, wawili kati yao wakiwa na mwili wa kutia matumaini. Mdogo wake Ray. Na Odell Crutchley, aliyekuja kutoka Mississippi na ambaye leo atabeba jeneza upande mmoja peke yake. Padre ametuomba tuweke sala hapa, kwa kuwa haya yanayofuata yakishasomwa hakuna atakayekuwa katika hali ya kusali. Basi: Bwana ampokee, ampe mahali pa katikati, na asisogezwe tena na mtu yeyote.

Siku mbili kabla hajafa, Alhamisi jioni, ndiyo ilikuwa ya uteuzi. Tulijaa sebuleni, kitanda chake kikiwa mbele ya televisheni. Nafasi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ray alikuwa amepiga magoti, si kwa ibada, ila awe karibu na kioo. Kisha bwana mkubwa wa ligi, anayetangaza majina, akaja kwenye kipaza sauti akasoma kwamba Toledo inamchagua Malakai Fonokalafi, kilo mia na hamsini na nane, mtu wa katikati ya safu ya ulinzi.

Sebule ililipuka. Dolores alimbusu kila aliye karibu, pamoja na aliyeleta oksijeni. Mtaa mzima ukapiga honi. Ray, ambaye hakulia walipomzika mama yao, alimwangukia kaka yake kifuani, analia kama mtoto.

"Kaka! Wamemchukua! Nafasi ya tatu, kaka! Wa katikati! Umeshinda, unasikia? Umewashinda wote!"

Marehemu aliomba miwani. Dolores akamvalisha. Televisheni ilikuwa ikionyesha mechi za kijana yule chuoni, na marehemu akazitazama mpaka zikaisha, bila kupepesa, kama alivyotazama vijana wote kwa miaka thelathini na mmoja. Kisha akavua miwani.

"Huyo?" alisema. "Huyo ni wa raundi ya tatu."