Kopo la Maoni la Arlys Tvedten

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Arlys Tvedten, mwenye mgahawa ulio karibu na ghala la nafaka hapa mjini. Alizaliwa hapa, akapika hapa miaka thelathini na mmoja, akafa hapa Jumanne iliyopita. Alikuwa na miaka sitini na minane.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamkulijua. Januari ya mwaka jana Arlys aliugua mafua makali. Alipona, lakini hakusikia tena harufu wala ladha. Wakati huo hakumwambia mtu. Alipika kwa mazoea ya mkono, na mkono ukaanza kumdanganya.

Kufikia Machi, meza zilikuwa zinabaki tupu. Arlys alijua kuna kosa, ila hakujua ni lipi. Ndipo akaweka kopo la biskuti kando ya birika la kahawa, pamoja na karatasi na penseli. Juu yake aliandika: "Nirekebishe nini? Usiandike jina." Narudia: mpishi asiyeweza kuonja alituuliza, kwa maandishi, arekebishe nini.

Mnajua tulivyo. Kwetu Minnesota mtu akikanyagwa mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Tukaandika: "Hakuna, asante." Tukaandika: "Kila kitu kizuri." Mei akabadilisha swali: "Taja kosa moja tu." Mmoja akajibu: "Baridi ya nje." Mimi niliandika: "Usibadilishe chochote." Kisha nikaanza kula nyumbani.

Karatasi zilifika mia moja arobaini na tatu. Hakuna hata moja iliyotaja chumvi.

Mgahawa ulifungwa Oktoba. Mwezi uliofuata mdogo wake, Verna, alikuja kutoka Fargo, akapikiwa supu ileile ya kuku ya mgahawani. Verna anasimulia:

"Nikamwambia, dada, hii ni supu au jiwe la chumvi la ng'ombe? Akadhani namtania. Nikasukuma bakuli. Akaniuliza, 'Tangu lini?' Nikamjibu, mimi nimeshuka kwenye gari sasa hivi, waulize watu wako."

Akaenda kuuliza. Alianza na Orrin Haugland, mkulima mstaafu aliyekula pale kila siku hadi siku ya mwisho. Verna alikuwepo.

"Orrin, supu yangu ilikuwa na chumvi nyingi?"

"Aa, si sana."

"Si sana kiasi gani?"

"Nilikuwa nateremshia maji tu, bibie."

"Mbona hukuandika?"

"Ungejisikia vibaya."

Arlys hakugomba. "Alisema tu, 'Ningepunguza. Ni kijiko kimoja,'" anakumbuka Verna. "Tukarudi nyumbani, akaenda kulala. Ilikuwa saa tisa mchana."

Kuhusu kifo chake Jumanne, daktari amesema ni moyo. Sitaongeza neno juu ya alilosema daktari.

Ijumaa, baada ya mazishi, tulikula pamoja katika ukumbi wa chini ya kanisa. Hapo, kwa mara ya kwanza, tuliizungumzia ile chumvi waziwazi. Kila meza ilikuwa na lake. Wengine walikumbuka hata wiki ambayo chumvi ilianza kuzidi.

Verna, na ukoo wote wa Tvedten, poleni sana. Wasikilizaji wapendwa, tafakarini ni nani aliyewauliza jambo wiki hii, na mlimjibu nini. Kwa Arlys tumechelewa. Jibu alilihitaji Machi, na sote tulikuwa nalo.