Sauti ya Mama Ndani ya Boksi

Wapendwa, nipeni nafasi kidogo. Wengi mnanijua ni yule mama wa kompyuta pale Busia karibu na mpaka, ninayewawekea nyimbo kwenye simu. Leo sikuleta nyimbo. Nataka kuwaambia vile nilipotea baada ya msiba, na vile nilirudi.

Mama yangu, kule kijijini Kirewa, alikuwa na wimbo wa kubembeleza watoto. Nilimrekodi jikoni kwake, akiimba huku anasonga ugali wa wimbi, nikaweka kwenye kompyuta. Baadaye nikakata maneno ya mwisho, nikabakiza wimbo peke yake, kama ninavyofanyia nyimbo za wateja. Halafu mama akatuacha. Kila jioni nikawa nafunga duka, nafungulia ile sauti, naelea nayo kama mtu aliye usingizini.

Ndipo radi ikapiga. Radi za huku mnazijua wenyewe. Fundi akaniambia diski imeungua, hakuna cha kuokoa.

Ndugu zangu, nawaambia, hapo niliishiwa. Chakula kilikuwa kinapoa mbele yangu. Hata ule wimbo ukanitoka kichwani, nikabaki na mdomo mtupu.

Mchana mmoja nikasinzia. Nikaona Mwamba wa Tororo umekalia ukungu, na juu yake boksi la kompyuta yangu liko wazi. Mama amekaa ndani, mdogo kama punje ya njugu, anakoroga. Hakugeuka kunitazama.

Nilimsimulia wifi yangu wa Molo, aliyekuja kunifariji. Mwingine angenicheka.

"Wifi," akasema, "si ufungue basi uone."

Tukafungua. Pembeni ya feni palikuwa na kaflashi kadogo kamechomekwa kwenye ubao wenyewe wa mashine. Nikakumbuka. Kompyuta ile niliinunua kuukuu, haina diski. Aliyeniundia aliweka flashi ndani ili mashine iwakie hapo badala ya diski, na mteja asije akaichomoa. Diski ilikuja baadaye, flashi nikaisahau. Rekodi ya mama nilikuwa nimeiweka humo kabla ya diski kuja.

Fundi akaiunganisha kwenye mashine yake. Mama akaimba. Ilikuwa rekodi ya kwanza kabisa, ile sijakata. Wimbo ukaisha, mwiko ukagonga sufuria, kisha akasema kwa lugha yetu, "Zima hicho kitu, mwanangu. Kuja ukule."

Nililia, wapendwa. Wifi akaniwekea ugali, nikala wote.

Namshukuru Mungu, na wifi yangu, na yule aliyeniundia mashine, popote alipo. Nanyi kina mama, sauti za watu wenu ziwekeni mahali zaidi ya pamoja. Na msiwakate maneno ya mwisho, hata kama ni ya jikoni tu.

Nasikia wenzetu huko nyuma wameshapakua chakula. Tuombe, halafu twende tukakule.