Kikombe cha Mleta Habari

Kijiweni kwa Abasi, karibu na mwalo wa Rumonge, aliyeleta habari mpya alikunywa kikombe cha kwanza cha kahawa bure. Abasi mwenyewe ndiye aliyeanzisha desturi hiyo vita vilipopamba moto, barabara ya Bujumbura ikawa inafungwa kila mara. Habari za pale ziliwahi kuwaokoa watu wa kijiji cha Gatete, wakaacha kupita njia ambayo walikuwa wanaviziwa. Lakini juzi Bakari, wanayemwita Komunike kwa kupenda kutangaza, alisema Mushagalusa, yule Mkongomani fundi wa injini za boti, anawapelekea petroli wenye bunduki mlimani. Akanywa bure. Adhuhuri haijafika, kibanda cha fundi kilichomwa kikawa majivu, na fundi mwenyewe hakuonekana tena. Leo birika lilikuwa linachemka, na Abasi moyo ulimuuma hata kumimina ikawa kazi.

— Tuweke sheria, alisema Lukeba, aitwaye Ministre, yaani waziri, kwa sababu ya koti lake. Kila habari ipate otorizasio, ruhusa rasmi, kwanza.

— Ya nani? Yako? Bakari alidakia. Siku ya Gatete tungengoja wewe uamuke, batu bangekufa bote!

— Basi ilete mashahidi wawili.

— Mashahidi nilikuwa nao. Walisikia kwangu.

Hakuna aliyecheka. Mama Kaoutar, muuza mawese, alitua ndoo yake.

— Habari ianikwe juani kama dagaa, kama ndagala. Ikinuka, tunatupa.

— Na kama banakuja kutushambulia leo, mama, tunaanika tu? aliuliza Bakari.

— Basi kila mutu ajaze kahawa mudomoni, alisema Lukeba, akisimama kabisa. Asimeze mupaka nimuruhusu!

— Eh, Ministre! Utatufunga midomo, wewe ubaki unasema peke yako? Bakari alimjibu.

Abasi aliweka birika chini.

— Komunike, ile petroli uliiona?

— Niliona bido, yale madumu. Nyingi.

— Za petroli, kwa fundi wa injini.



— Nilitaka kahawa tu, Abasi, alisema Bakari.

Abasi hakumgombeza. Angemgombeza vipi, na kahawa aliimimina yeye, tena akicheka, bila kumuuliza swali hata moja?

Hapo akafika mwanamke mwenye furushi kichwani, vumbi mpaka magotini.

— Amahoro, baba zangu. Ni miye Aksanti, natoka Uvira. Namutafuta kaka yangu Mushagalusa, fundi wa boti. Iko wapi?

Lukeba alianza kufunga vifungo vya koti. Mama Kaoutar alijitwika ndoo, akaitua tena.

— Alinitumia neno wiki iliyopita, nikifika niulize hapa, aliongeza mgeni. Alisema batu ba hapa banajua yote.

Abasi alimimina kikombe cha kwanza, akakiweka katikati ya benchi.

— Mwenye habari anywe, alisema.

Mkono wa Bakari ulibaki gotini, na wa Lukeba mfukoni. Aksanti aliwatazama wote, akadhani ni ukarimu wa wenyeji. Akakichukua.

— Murakoze, alishukuru, akanywa.